Neno la Getini

Jumatano, mwezi wa saba
Kiamunyi, Nakuru

Kariuki, mtoto wa mama,

Baridi ya leo ungeipenda. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ule mzito wa kwetu Dundori ambao mama alikuwa akisema umekuja kuangalia kama bado tuko wote. Nilipotoka asubuhi sikuona hata lile ghorofa la jirani ambalo halijaisha tangu ulipokuwa hai. Nilisikia tu mafundi wakiitana ndani ya weupe, na sauti ya nyundo.

Sasa ni alasiri. Viatu nimeviegemeza kando ya jiko vikauke. Nimetoka mahakamani.

Nimesema.

Nitakueleza nilivyosema, lakini kwanza niwaambie wanaosoma hapa na hawakukujua. Njoki wangu alinifungulia blogu hii wakati wa matanga yako, akaniambia, "Mum, andika, usikae na maneno peke yako." Nilidhani watasoma majirani wawili watatu. Siku hizi wananiandikia watu ambao sijawahi kuwaona, na wengi wao wana mtu wao aliye ndani, gerezani.

Kariuki alikuwa ndugu yangu niliyefuatana naye. Alilima viazi Dundori, katika shamba la marehemu babu, na alikuwa na pikapu kuukuu ya kijani iliyopeleka viazi na kabichi mpaka Karagita, kule Naivasha, kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Siku moja mtu alimkodi huko amletee mzigo upande wa Nakuru, naye akapanda mbele wasafiri pamoja. Mzigo ulikuwa umefunikwa turubai. Kwenye kizuizi cha polisi turubai ilifunuliwa, na chini yake kulikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji yaliyoibwa katika shamba fulani. Mwenye mzigo aliruka akapotelea vichakani. Kariuki alibaki ameshika usukani, kwa sababu hakuona ni kwa nini akimbie.

Alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Dhamana ilitaka hati ya shamba, na hati yetu mpaka leo ina jina la babu, ambaye alizikwa tukiwa hatujaota meno. Akapelekwa rumande kungoja kesi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Kesi haikuwahi kusikizwa. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama. Kariuki alikufa akiwa mtu ambaye sheria yenyewe inasema hana hatia.

Lakini leo sitaki kuanza na hayo. Nataka kuanza na geti.

Unalikumbuka geti letu? Lilikuwa la zile mbao za pembeni zenye gome, ambazo mama aliletewa kutoka mashine ya kupasua miti. Halikuwa na bawaba. Mama alilifunga kwa vipande vya tairi, na kila lilipofunguliwa lilichora nusu duara kwenye matope. Upande mmoja palikuwa na ule ua wa miiba, na upande wa pili jukwaa la mikebe ya maziwa. Ukisimama juu ya jukwaa siku isiyo na ukungu, uliona bonde lote mpaka ziwani, na ziwa likawa jembamba na jeupe kama kitambaa kilichoanikwa.

Pale ndipo tulipokulia, mimi na wewe. Shuleni sikufika mbali, lakini pale getini nilisoma.

Nyumbani kwetu shida haikuingia na mgeni. Ilitoka naye. Mgeni aliingia, akaulizwa habari, akasema wako sawa, ni Mungu tu. Alikaa. Mama alichochea jiko, chai ikaja, viazi vikaja. Waliongea juu ya mvua, juu ya ndama, juu ya fulani ambaye ameezeka nyumba kwa mabati mekundu. Hata kama ng'ombe wake alikuwa amelala chini tangu juzi, hata kama mtoto wake alikuwa amefukuzwa shule, hungesikia. Kumwaga shida yako ukiwa ndiyo kwanza umekaa ilikuwa kama kuingia sebuleni na gambuti zenye matope.

Kisha alisimama kwenda. Mama alijifunga leso begani akamsindikiza. Na pale getini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mgeni alisimama, akageuka, akamwita mama kwa jina langu, akasema, "Mama Wambui, kuna kaneno kadogo."

Ndipo mgeni huyo alikuwa amefika.

Sisi tulifuata nyuma yao tukijifanya tunachezea nyasi. Ulitunga mchezo. Mgeni akiwa bado anakunywa chai, tulinong'onezana kama huyu ana neno la getini au amekuja kusalimia tu, na aliyekosea alitoa kiazi chake cha jioni, kile cha kuchoma kwenye majivu. Ulinila viazi vingi, Kariuki.

Nakumbuka siku mjomba alipokuja na zile hadithi zake. Alichekesha mpaka mama akaweka kikombe chini akashika mbavu. Ukanisukuma kwa kiwiko.

"Huyu ana neno."

"Huyu? Huyu amekuja kushiba."

"Ngoja utaona."

Pale getini mjomba alishika nguzo. Alianza kubandua gome kwa ukucha, polepole, huku akiangalia barabara, akamwambia mama kwamba mke wake hajaamka kitandani tangu mavuno. Mama aliweka mkono wake juu ya mkono wa mjomba, pale pale kwenye nguzo, wakakaa hivyo.

Jioni nilikutolea kiazi changu. Ulikimega ukanirudishia nusu, ukanifundisha siri yako. Uliniambia nisiangalie uso, uso wa mtu mzima unajua kujificha. Niangalie mkono. Mwenye neno hawezi kupita mlango bila kuushika.

Ulikuwa mdogo hivyo, na ulikuwa umeshaona.

Nilipokuwa nikija kukuona rumande, tulitenganishwa na nyavu mbili za waya, na katikati yake palikuwa na nafasi ambayo askari alitembea. Watu wote waliongea kwa wakati mmoja, wakipiga kelele kama mnada. Wewe ulisimama nyuma yao, mrefu, umevaa ile fulana ya mistari, ukingoja nafasi kama mtu aliye kanisani.

"Mama Njoki! Umenona! Huko Kiamunyi wanakulisha nini, saruji?"

"Wacha utani. Nimeona unachechemea, mguu ukoje?"

"Uko. Hata ungetaka kwenda mahali, askari wangeurudisha."

Mama mmoja kando yangu alicheka mpaka akasahau alichokuja kumwambia mwanawe. Kisha uliniuliza habari za shamba. Kama ng'ombe wetu Kanini amezaa. Kama nimezifunua mbegu za viazi zipate mwanga kidogo, zisiote machipukizi marefu meupe. Kama yule jogoo bado anawika saa mbaya. Nilikujibu yote kwa kupaza sauti, na watu wengine waliofungwa wakawa wanatusikiliza. Mmoja aliuliza ng'ombe amezaa nini. Nikasema ni jike. Wakapiga makofi.

Na kengele ilipolia, watu wakianza kusukumwa nje, ndipo ulipokuja karibu na waya ukaushika kwa vidole.

"Mama Njoki. Ukija tena niletee soksi za pamba. Hizi zinashika kidonda."

Hapo ndipo nilipojua kuna kidonda.

Nililia njiani, halafu nikanunua soksi. Nilirudi nikamwambia askari wa lango kwamba ndugu yangu ana sukari, na mtu wa sukari akipata kidonda mguuni ni jambo la haraka. Aliniambia utamwona daktari. Nilirudi tena. Zahanati yao ilikuwa imekupa vidonge vya maumivu. Daktari wao alikuwa ameandika uende hospitali kubwa, lakini gari ni moja na siku hizo lilikuwa linapeleka watu kortini. Nilirudi tena. Askari hakunitukana hata siku moja. Nakumbuka alikuwa na mafua, na alinipa kiti.

Hivyo gari lilikosa kukupeleka hospitali kwa sababu lilikuwa linakupeleka kortini, na kortini kesi ilikuwa haisikizwi.

Nilikuwepo kila mara ulipoletwa. Nilikaa benchi la nyuma ukutani. Mara mashahidi hawakufika. Mara faili halikuonekana. Mara kiongozi wa mashtaka amehamishwa na mpya hajasoma. Mara hakimu yuko likizo. Itatajwa tena, itatajwa tena. Ulikuwa unasimama ndani ya kizimba kile cha mbao kinachomfikia mtu kifuani, na kwa hivyo yeyote aliyekuwa mbele aliona mwanamume mrefu, mtulivu, shati limefungwa vifungo vyote. Mguu ulikuwa chini, nyuma ya mbao.

Kila mara hakimu wa kesi yako aliuliza, nami ni lazima niseme kwamba aliuliza, "Mshtakiwa, una malalamiko yoyote?"

Na kila mara ulijibu kwa ile sauti yako ya kusalimia wazee, "Hakuna, Mheshimiwa. Niko sawa. Asante."

Kisha askari aliyesimama kando alikuteremsha kuelekea mlango wa kando, ule unaotokea uani na kwenye mahabusu. Ukifika pale ulisimama kidogo. Ulishika fremu ya mlango, ukageuka.

Nilidhani unanitafuta mimi. Nilikuwa nakupungia mkono.

Ulipoanguka kule rumande ndipo gari lilipopatikana. Nilikukuta hospitalini umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, mtu ambaye hangeweza hata kukaa. Nilikuombea maji ya uvuguvugu kwa nesi nikakufuta uso. Uliniambia ukungu umeingia ndani ya wodi. Hakukuwa na ukungu. Nikakwambia ndiyo, umekuja kuangalia kama bado tuko wote.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wengine wanaosoma wameyaona yao.

Baada ya mazishi nilikuwa nimeamua kunyamaza. Aliyenikataza ni Chebet, msichana wa msaada wa kisheria anayesaidia watu wasio na wakili. Alikuja hapa akala githeri yangu, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtu kushona. Kwamba mtu akifa mikononi mwa serikali, sheria inataka hakimu afungue uchunguzi wa kifo chake, na aulize kilichomuua na nani alipaswa kufanya nini. Kwamba katiba inasema kesi ianze na iishe bila kucheleweshwa bila sababu. Kwamba aliyefungiwa bado ana haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kule kufungiwa kwenyewe kunaziondoa.

"Walimwondolea kutembea, Mama Njoki," alisema. "Hakuna aliyewapa ruhusa ya kumwondolea mguu."

Nikamwambia sitaki mtu afungwe kwa ajili yako. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka iandikwe kwamba ulikuwa mgonjwa na ulitaka kusaidiwa. Wale wa upande wa gereza walikuwa wanasema hukuwahi kulalamika mbele ya hakimu, na kwamba ulijiachilia. Kwamba ulinyamaza na mguu wako mpaka ukaoza, kama mtu asiyejipenda.

Wewe, ambaye ulikuwa ukijipaka mafuta mpaka nyuma ya masikio!

Basi leo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kutoa ushahidi. Hakimu wa uchunguzi huu ni mwingine, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Chumba ni kile kile. Kizimba ni kile kile. Askari wa mlango wa kando ni yule yule, ameongeza mwili kidogo.

Nilisimama nikaeleza yote. Soksi, gari, daktari, pingu. Kisha akainuka wakili wa upande wa gereza, kijana mpole, wala sikumchukia. Alikuwa na karatasi za kesi yako. Alinisomea. Siku hii, mshtakiwa hana malalamiko. Siku ile, mshtakiwa hana malalamiko. Zote.

"Mama, pole sana kwa msiba. Ndugu yako alikuwa mtu mwenye akili timamu?"

"Ndiyo."

"Alijua kuongea?"

"Kuongea alijua sana."

"Hakimu alimuuliza kama ana shida, naye akasema hana. Sasa hebu utusaidie. Hakimu angejuaje?"

Nilijua jibu lipo, nililihisi hapa kifuani, lakini halikuja na maneno. Nikasema, "Sijui."

Aliketi. Chebet aliniangalia kutoka benchi lake kwa macho ya kunisukuma. Hakimu akaandika kidogo, kisha akainua uso.

"Mama, una lingine ungependa kuongeza?"

Nami nikasema, "Hakuna, Mheshimiwa. Niko sawa. Asante."

Ni mimi niliyesema hivyo, Kariuki. Kwa sauti yako.

Karani alinielekeza nitokee mlango wa kando kwa sababu ule mkubwa ulikuwa umejaa watu. Nikatembea. Nilikuwa nawaza viatu vyangu vilivyolowa, na jinsi nitakavyomweleza Njoki. Nikafika mlangoni na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye fremu.

Rangi imetoka pale. Mbao imelainika, kimo cha kifua cha mtu mrefu, kwa kushikwa na watu wengi waliopita.

Na nikasikia matope ya kwetu. Nikasikia harufu ya maziwa yaliyomwagika juu ya jukwaa. Nikakuona umesimama hapo, mkono hapa, umegeuka, na mimi nimekaa benchi la nyuma nakupungia. Hukuwa unanitafuta. Ulikuwa na neno.

Ulikuwa umesalimia, ukaulizwa habari, ukasema uko sawa kama tulivyofundishwa, na sasa ulikuwa getini. Ulikuwa unangoja mwenye nyumba akusindikize.

Niligeuka. "Mheshimiwa, kuna kaneno kadogo."

"Mama, umemaliza," karani akasema. "Ungetoka tu."

"Mwache," hakimu akasema. Alivua miwani. "Rudi, mama. Sema."

Sikurudi kizimbani. Nilisemea pale pale mlangoni, nimeshika mbao, kwa sababu niliogopa nikiiachilia maneno yatakwenda. Nilisema, "Mheshimiwa, kwetu mtu mkubwa akikuuliza kama una shida, unasema huna. Hiyo ni salamu. Shida inasemwa wakati wa kutoka, mtu akisindikizwa. Sisi watoto wa mama mmoja tulilelewa hivyo. Ndugu yangu kila siku alisimama hapa, akashika hapa, akageuka. Nilidhani ananiaga. Hakuwa ananiaga. Alikuwa anataka kusema ana mguu."

Yule wakili aliangalia karatasi zake, lakini hakuzigeuza.

Hakimu alimwangalia askari wa mlango. "Afande, ni wewe ulikuwa hapa siku hizo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Aliapishwa, akasimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

"Ni kweli alikuwa akisimama mlangoni?"

"Kila wakati, Mheshimiwa. Nilikuwa namwambia asonge, kuna wengine nyuma."

"Alisema kitu?"

Askari ni mtu wa makamo, ana pete ya ndoa. Nilimwonea huruma.

"Alikuwa akiniambia, 'Afande, kuna kaneno kadogo.' Mimi nikamwambia amwambie wakili wake."

"Alikuwa na wakili?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuwa na wakili."

Hakimu aliandika muda mrefu. Nilisikia kalamu. Aliposoma kwa sauti ili tuhakikishe ameandika sawa, alisema kwamba marehemu alijaribu kueleza hali yake kila alipoondolewa mahakamani, na hakusikizwa. Alisema uamuzi wake juu ya kifo chako atautoa siku nyingine, baada ya kuwasikia madaktari. Sijui atasema nini. Inaweza kuwa si vile ninavyotaka. Lakini hilo moja limeandikwa, na yule wakili mpole hakusimama kulipinga.

Nilirudi nikakaa benchi langu la nyuma. Chebet alinishika mkono akaninong'oneza, "Ungeniambia mapema hayo ya geti, tungeanza nayo." Nikamwambia hata mimi nimeambiwa leo.

Ningeenda nyumbani wakati huo, lakini nilitaka kupumzika kidogo kwanza. Ndiyo maana niliona yaliyofuata.

Gari la rumande lilikuwa limechelewa kwa sababu ya ukungu, na hakimu yule yule akaanza kutaja kesi za watu walioletwa. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mdogo wa umbo, koti kubwa kuliko yeye, ambaye kizimbani alionekana kichwa tu. Kiongozi wa mashtaka akasema mashahidi hawajafika. Hakimu akamkemea, akampa tarehe ya mwisho, na akasema ikipita hiyo atajua la kufanya. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee, una malalamiko yoyote?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Niko salama."

Askari akamteremsha. Wakatembea mpaka mlango wa kando. Nikaangalia mkono, kama ulivyonifundisha. Ulitoka kwenye lile koti kubwa, mwembamba, ukashika fremu pale pale palipolainika.

Askari hakumwambia asonge. Alisimama naye.

Hakimu alikuwa ameshachukua faili lingine. Akaliweka chini.

"Mzee. Kabla hujatoka. Kuna kaneno?"

Mzee aligeuka. Alimwangalia hakimu, akatuangalia sisi, kama mtu aliyeitwa na jirani wa zamani katika mji asioujua.

"Kako, Mheshimiwa," akasema. "Ni kifua."

Niliinuka nikatoka nje. Sikutaka walio kando yangu waone uso wangu, maana sikujua kama nacheka au nalia. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kwa mbali ziwa lilionekana, jembamba na jeupe.

Jumamosi nitapanda kwenda Dundori. Mbegu zimefika wakati wa kupandwa, na Njoki amesema atakuja kusaidia ingawa anaogopa matope. Geti la mama liliishaoza zamani, lakini nguzo moja bado imesimama, ile ya mjomba. Nitaishika kidogo nikipita. Halafu nitachoma viazi kwenye majivu, nikimege kimoja, na nusu nitaiacha juu ya jukwaa.

Nikija kaburini kwako sitakusalimia kwa muda mrefu. Sitakuambia niko sawa.

Nina kaneno kadogo tu, ndugu yangu, nami nakasema nikiwa bado mlangoni. Huko uliko, ukipita penye geti lolote, unikumbuke.

Dada yako,
Wambui